Shikamoo kwa Shuka

Moshi wa dizeli ukinipata vizuri puani, masikio yangu huwaka moto. Juzi mwalimu wa zamu alitutuma kupeleka mahindi ya shule mashineni, hapa Kilosa mjini. Ile mashine ilipokohoa na kutema wingu lake jeusi, wenzangu waliniona nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku. Mimi, ambaye Kidato cha Pili kizima kinanijua kwa kuiga mwendo wa walimu wote, mwalimu mkuu akiwamo! Wakauliza kulikoni. Sikuwaambia. Nawaambieni ninyi, kwa kuwa hamnioni.

Moshi ule ndio uliokuwa harufu ya sinema. Nilipokuwa darasa la pili, kijijini kwetu upande wa Chanzuru, gari la sinema lilikuja kwa nadra, na likija hata wagonjwa walipata nafuu. Jua likizama, jenereta lilianza kuunguruma, shuka jeupe likafungwa kwenye nguzo za goli, na kijiji kizima kikakaa chini uwanjani. Wakubwa nyuma, watoto mbele. Na pembeni yetu, ameshika kijiti cha mpera, Mjomba Elia.

Mjomba Elia ni kaka wa mama yangu, na kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba anashauriwa tu. Tena alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo watoto wote waliotazama sinema walihesabiwa kuwa wake. Alitunawisha miguu kabla ya kuketi, eti tunakwenda kwa wageni. Alikataza kupiga kelele mtu anapozungumza, hata kama anazungumzia ndani ya shuka. Lakini sheria iliyotumaliza ilikuwa hii: uso wa mtu mzima ukitokea kwenye shuka, kijiti kinapanda, na sisi tunaamkia.

"Shikamoo!"

Shuka kimya. Wakubwa huko nyuma hoi kwa kicheko.

"Balozi, mwulize kama ana ugoro!"

Mjomba hakugeuka. "Ninawafundisha wanangu kutazama watu," alisema. "Kutazama mbuzi watajifundisha wenyewe."

Shuleni wakanibandika jina: Mpwa wa Shuka. Cheka tu, hukuwa wewe. Nililia mafichoni, kisha nikaapa kwamba gari likirudi nitakionyesha kijiji kuwa mimi na lile shuka hatuna undugu wowote.

Liliporudi, lilileta sinema ya usafi. Kwanza tukaonyeshwa familia safi, vyombo vyao vinang'aa kwenye kichanja. Kisha akatokea mtu ambaye msimulizi alimwita Bwana Uchafu: mzee mwembamba, shati limechanika begani, anachechemea kuelekea shimo la choo lisilofika hata magotini. "Mvivu huyu," msimulizi akasema, "atawaponza wenziwe." Uwanja ukaangua kicheko.

Uso wa yule mzee ukajaa shuka zima. Kijiti cha Mjomba kikapanda. Wenzangu wakavuta pumzi. Mimi nikainuka.

Niliingia kwenye mwanga nikachechemea mbele ya shuka, mkono kiunoni, mdomo wazi, kivuli changu kikubwa kuliko Bwana Uchafu mwenyewe. Jamani, sijawahi kushangiliwa vile tangu nizaliwe. "Ongeza! Ongeza, mpwa!" Watoto nao, huku wanacheka mpaka wanapaliwa, wakaitoa ile shikamoo yao.

Na kutoka nyuma kabisa, walikokaa watu waliohamishiwa kwetu mwezi uleule, sauti ikajibu.

"Marahaba, wajukuu zangu."

Haikuwa sauti ya utani. Vichwa vikageuka. Alikuwa Mzee Yonathani, aliyeletwa na mkewe kutoka upande wa Dumila. Shati lilikuwa jingine. Uso ulikuwa uleule. Kicheko kilikatika, likabaki jenereta, na msimulizi aliyeendelea kumsema bila habari. Mzee akainuka, akamshika mkewe mkono, wakaelekea kwenye nyumba yao ambayo bado ilikuwa haijaezekwa. Alikwenda akichechemea. Mimi nilikuwa bado kwenye mwanga, kiuno kimepinda.

Mjomba hakunichapa. Alinivuta mkono akaniketisha, basi. Ningemshukuru kama angenichapa.

Asubuhi alinipeleka kwa mzee. Nikaamkia, akaitikia.

"Ndiye wewe uliyeniiga jana?"

Nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu.

"Unaiga vizuri. Ila mguu mbovu ni huu wa kushoto."

Akapandisha suruali, nikaona kovu. Troli la mkonge lilimpitia alipokuwa kijana, kazini shambani. Lile shimo alikuwa akilichimba mwenyewe, ameketi chini, kwa jembe alilolikata mpini. Wenye kamera walipomwomba, hukohuko alikotoka, atembee kuelekea shimoni, alidhani wamependezwa na kazi yake. Aliwaomba wangoje abadili shati. Hawakungoja.

"Sikujua kwamba mimi ni mvivu, balozi," alimwambia Mjomba, taratibu, "mpaka jana."

Wiki ile Mjomba alikwenda na vijana wakaiezeka nyumba ya mzee, nami nilibeba nyasi mpaka shingo ikachubuka, na kila mtu akaona kwamba jambo limekwisha. Mimi pia niliona hivyo. Nilidhani hata kwamba Mjomba, maskini, hajui kuwa watu wa kwenye shuka hawasikii. Kumbe alijua hilo vizuri kuliko sisi; shikamoo ile ilikuwa ya kutufunza sisi.

Lililochelewa kuniingia ni jingine, na ndilo linaloniwasha masikio hadi leo. Asubuhi ile tulipokuwa kwa mzee, gari lilikuwa limekwisha ondoka kwenda Mikumi. Baada ya Mikumi lilikuwa na vijiji vingine vya kupitia, na mzee alikuwa ndani yake, kwenye ule mkanda wa sinema, na lile shati lililochanika. Kila jioni, mahali fulani, mtoto mcheshi kama mimi alikuwa anainuka na kuingia kwenye mwanga, watu wanamshangilia, na huko nyuma hakuna wa kuitikia.