Bunduki Iliyolika kwa Kiganja cha Baba

Ukitaka kuchagua bunduki ya leva, usianze na macho. Mimi niliishia darasa la tano, lakini nina mashine tatu za kusaga unga Chwele, nyumba za kupangisha Tuwan, na kibali cha bunduki chenye muhuri halali, kwa hivyo nisikilize. Anza na mkono. Bunduki ya leva ni ile yenye pete ya chuma inayozunguka kifyatulio: unaisukuma chini, ganda linaruka, unairudisha juu, risasi nyingine imeingia. Fanya hivyo umefumba macho. Ikikwaruza kama mashine yenye beringi mbovu, iache hapo hapo. Ukifumbua macho, tazama skrubu. Skrubu ikiwa imetafunwa midomo, ujue kuna mtu alishaifungua akaharibu.

Hayo nilifundishwa na baba. Yeye alikuwa anambebea bunduki mzungu mmoja wa mashamba ya Kitale, miaka ile kuwinda kulipokuwa bado kunaruhusiwa. Mzungu alipanda Mlima Elgon mikono mitupu, baba nyuma yake. Akiona nyati, mzungu ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na baba anamwekea bunduki kiganjani. Mzungu anapiga, mzungu anasifiwa, bunduki inarudi kwa baba.

Sasa shemeji. Huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu, mtu wa ofisi za serikali, tai shingoni hata Jumamosi. Siku tulipoenda kwao, karibu na Kibabii, kuongea mahari, baba alivaa koti la kuazima. Chakula kilikuwa bado hakijaletwa. Shemeji akampima baba kutoka viatu mpaka kichwa, akasema mbele ya wazee wote:

"Ati huyu ndiye alikuwa punda wa bunduki ya mzungu? Na mtoto ni fundi wa posho mill. Sasa huyu naye atambebea nani?"

Watu walicheka. Kuku akaletwa. Baba hakugusa. Kwetu, mzee akiondoka kwa wakwe bila kula, hilo halifutiki. Mke nilipewa kwa sababu alisema mwenyewe kwamba asipoolewa na mimi haolewi. Baba alikufa bila kuitaja siku ile hata mara moja. Mimi niliitunza, kama mtu anavyotunza mbegu akingoja mvua.

Mvua ilikuja mwaka jana. Binti ya yule mzungu aliamua kuuza bunduki mbili za leva za marehemu baba yake, na mwenye duka la bunduki akaja na karatasi zote. Shemeji amestaafu, na siku hizi ni mwenzangu kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Nilimkuta tayari kwenye veranda ya huyo binti wa mzungu, kofia ya kuwindia kichwani. Kuwinda gani? Serikali ilifunga zamani. Sisi tunatoboa karatasi na kuhifadhi vitu vya thamani.

Zilikuwa zimelazwa mezani. Moja iling'aa kama sufuria ya harusi. Ya pili ilikuwa imechujuka katikati, rangi imelika kabisa pale mtu anaposhika akiibeba, na kitako kilikuwa na kovu kama ukucha wa kidole gumba. Kovu hilo nalijua kwa hadithi za baba. Baba aliteleza korongoni, akatanguliza mgongo wake ili bunduki isigonge jiwe, na bado kibanzi kikatoka.

Nilitaka kuinyakua pale pale. Lakini shemeji namjua: kitu nikikipenda mimi, yeye anakitaka. Nikaipita ile ya baba kama fimbo ya kuchungia, nikaikumbatia inayong'aa.

"Hii ndiyo," nikasema. "Hii ikitoka hapa bila mimi, nitalia."

"Weka chini, fundi. Mkubwa hachagui mabaki."

"Shemeji, tafadhali, niachie tu hii."

"Wewe unajua nini, bana? Si uchukue hiyo ingine? Imechoka kama wewe."

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa maskini kwa muda mrefu, kujifanya maskini hakunishindi. Alitia sahihi haraka. Nami nikatia yangu kwa ile iliyochoka. Ndipo nikamwambia, polepole, atazame skrubu zake. Zimetafunwa. Atazame maandishi ya mtutu. Yamesuguliwa mpaka yamefifia. Kuna mtu aliipiga msasa na kuipaka rangi mpya, na bunduki ya kuhifadhi ikipigwa msasa thamani yake imekufa. Yangu haijawahi kuguswa na tupa. Kilichoila ni kiganja cha baba tu.

Alikaza kofia yake akaondoka. Lakini Jumamosi iliyofuata, uwanjani, wenzetu waliiacha yake wakaizunguka yangu, na hamu ikamshinda.

"Shemeji, nionje hata risasi moja."

"Nibebee kwanza mpaka pale mstarini," nikasema. Ilikuwa tupu, leva iko wazi.

"Kwani wewe huna mikono?"

"Ninayo. Hata mzungu alikuwa nayo."

Watu wakageuka. Alinitazama, na nikaona amekumbuka. Angeweza kukataa. Lakini wote walikuwa wanamwangalia, akaichukua kama mtu anayesema ni mchezo tu. Mimi nikatangulia, mikono mitupu, bila haraka, namsikia anavyohema nyuma yangu. Nilipofika mstarini nikanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka. Akaniwekea kiganjani.

Nikatia risasi zenye pua bapa, ndizo zinazofaa leva, maana ndani ya bomba lake risasi hupangana pua kwa mgongo, nikapiga zote. Hakuonja hata moja.

Baadaye nilimkaribisha kwangu, kwa heshima zote. Mke wangu alikuwa amechinja kuku. Shemeji alikaa na kofia yake magotini, akasema ana haraka, akaondoka bila kugusa sahani.

"Kaka yangu ana nini leo?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia ameshiba, nikavuta paja la kuku.