Chai ya Mke Mwenza

Mtoto aliyekula sumu haombi biskuti. Hilo ndilo lililonichanganya siku ile, jamani.

Nilikuwa nimempakata Hafsa wangu, miaka sita, kwenye bodaboda kutoka Ukunda mpaka hospitali ya Msambweni. Mimi moyo unanienda mbio, yeye ananivuta buibui kila tukipita duka.

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Ninaishi na mama mkwe wangu, Bi Zainabu. Yeye na Hafsa wanaitana mke mwenza, ule utani wetu wa bibi na mjukuu. Basi kikohozi kikamganda Bi Zainabu, hakisikii dawa ya duka.

Mimi nafua mashuka kwenye hoteli moja Diani. Pale kuna mmea wa kutambaa, maua yake huanza meupe kisha huwa manjano, na harufu inakaribia asumini. Ngala, mtunza bustani, anauita hanisako. Alinipa kipande nikapanda, kikaparamia ukuta wangu wote.

Nikaona kwenye simu dada mmoja anasema maua yake yakichemshwa ni dawa ya kikohozi. Nikachemsha. Bi Zainabu akanywa, akasema kifua kimelegea. Weee, nikajiona mganga.

Hafsa naye nikamfundisha kufyonza utamu kwenye kitako cha ua. Nikamwambia mti huu ni mtamu, tena ni dawa. Ubaya wake sikumwambia, maana hata mimi sikuujua.

Mchana huo natoka kazini, namkuta vidole vyeusi, mdomoni doa, na vile vitunda vyeusi vya hanisako vimekwisha kwenye matawi ya chini. Bi Zainabu kajilaza chumbani, kajifunika leso. Sikumwamsha. Nikavunja tawi, nikasimamisha bodaboda, tukaondoka.

Daktari, kijana mpole aitwaye Fondo, akalitazama lile tawi. Akaniambia maua ya aina hii wako watu wanaoyanywa, lakini vitunda haviliwi. Vinatapisha na kuharisha, na mtoto au mzee huishiwa maji mwilini upesi. Akambonyeza Hafsa tumbo, akammulika macho, hakuona kitu. Akasema tungoje kidogo.

Kungoja kule sikuombei. Nikaketi, nikasimama, nikaenda mlangoni, nikarudi. Nikampigia Bi Zainabu, simu haikupokelewa. Kila nikimtazama Hafsa naona kama midomo inabadilika rangi, na yeye anachezea kamba za viatu.

Nikamshika mashavu. "Hafsa, niambie kweli. Umekula vingapi?"

"Nimeonja kimoja, nikatema. Kichungu."

"Na vingine?"

"Nimeviponda, nikamtilia bibi kwenye chai. Ili apone leo leo."

Nimemkimbiza mzima, nikamwacha mgonjwa.

Nikampigia jirani yangu Kadzo, nikamwambia avunje mlango ikibidi. Akamkuta Bi Zainabu sakafuni, ametapika mpaka sauti imekauka. Akamleta kwa tuktuk. Alipopitishwa mbele yangu macho yalikuwa yamezama ndani. Nililia pale pale bila haya. Niliogopa sana.

Wakamtundikia maji. Magharibi ilipokaribia akafungua macho. Nikampa shikamoo, nikamuuliza kwani hakusikia uchungu kwenye ile chai.

"Ilikuwa chungu kama shubiri," akasema. "Lakini mke mwenza kaniandalia kwa mikono yake, kasimama ananitazama. Ningeimwagaje, mwanangu?"

Nikamfunika leso vizuri mabegani.

Hanisako bado iko ukutani kwangu, ila vitunda navikata vikiwa vibichi na kuvizika. Nawe uliye na mti wa dawa nyumbani, ukimwonyesha mtoto kinachoponya, mwonyeshe papo hapo na kinachodhuru. Na kabla ya kumwamini dada wa kwenye simu, muulize anayejua, ukiwa na tawi mkononi.

Hafsa siku hizi akimpelekea bibi yake chai, anaionja kwanza. Bi Zainabu humsubiri amalize kumeza, kisha hunyoosha mkono.