Waipa Kwenye Jua Kali

Jumamosi iliyopita, rafiki yangu, nilikodi gari hapa Japani ninakofanya kazi. Wiki nzima nilikuwa nimejibana ofisini kwa adabu za ugenini, nikiinama kila nilipoinamiwa, na sasa nilitaka kuiona bahari. Kona ya kwanza nikataka kuwasha indiketa. Waipa zikaanza kufuta kioo, na jua linawaka! Huku wanaendesha kushoto na indiketa iko mkono wa kulia, nami nimekulia Marekani ambako mambo ni kinyume. Nilicheka peke yangu mpaka wa nyuma akanipigia honi, kwa sababu huo ndio uliokuwa ugonjwa wa mama yangu.

Tuliishi Adelphi, hukohuko Marekani, kwenye ghorofa karibu na University Boulevard, mama, dada yangu mkubwa na mimi. Mama alikuwa akitunza wazee, anapanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Halafu nyumba moja ya wazee kule Herndon ikamwahidi kazi nzuri zaidi, ila zamu ilianza saa kumi na mbili asubuhi, na basi la kumfikisha saa hiyo halikuwapo. Alitakiwa awe na leseni kabla mwezi haujaisha. Mtihani wa kwanza alikuwa ameshaanguka. Akianguka tena, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Na si kwamba hakujua gari! Kenya alikuwa ameendesha pikapu ya maziwa miaka sita kwenye matope ya Nyandarua, na hilo alitukumbusha kila siku. Ndiyo maana mikono yake ilikuwa mikaidi.

Basi kila Jumapili tukitoka kanisani, jirani yetu Mkongomani alitupakia kwenye gari lake lililonuka makayabu, wale samaki wake wa chumvi, akatupeleka kwenye uwanja wa kuegesha magari wa duka lililofungwa. Jamani, raha ile! Dada na mimi kiti cha nyuma, viatu vya kanisani tumevivua, chapati kwenye karatasi ya foili zinatuunguza mapaja. Mama akishika usukani tu, roho juu. Kona inakuja: waipa, chwaa, chwaa! Halafu analikata gari kushoto kabisa, kama yuko kwao.

“Doucement, mama, polepole! Kuume! Ushike kuume!” jirani alilia, mikono yote miwili kwenye dashibodi.

“Wacha kunipigia kelele, nina-concentrate!”

“Mom, wrong side!” tulipaza sauti kutoka nyuma, kwa Kiingereza kama kawaida yetu, naye anageuka kututazama, jirani anazidi kulia. Tulicheka mpaka chapati zikatupalia. Baadaye ilikuwa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, milango yote wazi, na jirani akitoa maksi zake: “Leo umeua mutu moja tu. Ile juma ingine walikuwa watatu.”

Mtihani ulikuwa Jumamosi. Tulikaa nje kwenye benchi, jirani katikati yetu. Nilikuwa nimeomba usiku na asubuhi mpaka nikaishiwa maneno. Gari likatokea mwisho wa barabara, jua la mchana limewaka, indiketa inawakawaka. Waipa zimetulia tuli! Jirani alininyanyua juu kwa juu. Mama akashuka na karatasi yake mkononi, akapiga vigelegele pale pale mbele ya foleni nzima ya watu.

Kazi ya Herndon aliipata, akachukua gari kuukuu kwa mkopo, na kwa kuwa alikuwa mpya, alipangiwa siku ambazo wenzake hawakuzitaka, Jumamosi na Jumapili. Maisha yalinyooka kweli, siwezi kulalamika. Siku hizi uwanja ule umejengwa maghorofa, na jirani alihama zamani.

Lakini Jumapili ile ya kwanza ya kazi ya mama, jirani alibisha hodi kwa mazoea, funguo mkononi.

“Mama iko wapi?”

Tukamwambia amekwenda kazini, kajiendesha mwenyewe. Alicheka, akafuta macho, akarudi kwake. Dada na mimi tulikuwa tumemsumbua Mungu mwezi mzima ili mama afaulu, na hakuna aliyetuambia kwamba akifaulu, Jumapili zetu zimekwisha.