Mashine Iliyonguruma Baada ya Mvua

Siku ya kunyolewa nywele za msiba, baada ya Erastus kuzikwa, jamaa walikaa uani kugawa alivyoacha. Baiskeli ikaenda kwa mjomba. Koti la mvua akapewa Sylvanus, kaka mkubwa wa marehemu. Mjane, Navalayo, alikaa mkekani akiomba kimoyomoyo mtu yeyote asichungulie nyuma ya banda la kuku.

Huko kulikuwa na mashine ya kulimia bustani, ile ya kusukumwa kwa mikono miwili, ambayo padre mmoja Mholanzi alimwachia Erastus alipokuwa akirudi kwao. Erastus alikuwa akiwalimia nayo watu wa Shieywe vishamba vyao vya sukuma wiki, na nyumba yake ikala. Lakini kwa miaka mingi mawe yalikuwa yameyala meno yake ya chuma hadi yakabaki visiki tu, na ugonjwa ulipomlaza Erastus, mashine nayo ililala.

Sylvanus alizunguka banda, akaiona, akaipiga teke.

"Na huyu kibogoyo je?"

Watu wakacheka, wakarudi kwenye habari ya kuku.

Navalayo angeweza kusema papo hapo, "Huyo kibogoyo nipeni mimi." Nani angemnyima mjane chuma kibovu? Akanyamaza. Aliogopa kwamba akiitaja tu, watu wataitazama kwa macho mapya. Akasahau jambo ambalo hata watoto wa pale wanalijua: kitu kilichotajwa siku ile kina mwenyewe mbele ya mashahidi, na kisichotajwa ni cha boma. Na boma lina mkubwa wake.

Mvua za masika zilipokaribia, alikwenda Butali kwa mhunzi anayenoa panga za miwa, akafuliwa meno mapya kwa springi ya lori. Akarudi nayo yamefungwa ndani ya gunia, juu yake majani ya kunde. Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu. Akazilowesha kwa mafuta ya taa, akazing'ang'ania kwa spana hadi kiganja kikachubuka, jino la zamani likitoka, jipya likiingia.

Ilibaki kuijaribu, na hapo ndipo palipomnyima usingizi. Jino huwezi kulijua mpaka lishike udongo. Na injini ile, ikiwaka, ilisikika hadi ng'ambo ya mto, sembuse kwa Sylvanus aliyetenganishwa naye na ua wa miti tu.

Akangoja mvua ya alasiri. Ilipoanza kupiga mabati hadi mtu hasikii sauti yake mwenyewe, alivuta kamba. Mashine ikawaka, ikarukaruka kama mbuzi aliyefungwa, udongo haukuguswa. Akazima, akainama na kuchunguza: makali yalitazama nyuma. Ya kushoto alikuwa ameyafunga kulia.

Akayageuza yote. Kesho yake mvua ilirudi, naye akavuta kamba tena. Safari hii mashine ilizama. Udongo mweusi ukapinduka mbele ya miguu yake, laini kama unga, na Navalayo, nguo zikimgandia mwilini, akaanza kucheka peke yake. Akalima tuta, akageuka, akalima jingine.

Mvua ikakatika, ghafla, kama zikatikavyo mvua za Kakamega. Kijiji kizima kikanyamaza, ikabaki injini.

Alipoizima, alikuwa amechelewa. Sylvanus aliingia na lile koti la mvua mgongoni.

"Shemeji! Kumbe kibogoyo wetu ameota meno?"

"Karibu, shemeji."

"Nimekaribia. Basi nitaipeleka kwangu. Wewe mwanamke utaiweza wapi?"

"Si umeona tuta? Limelimwa na nani, malaika?"

"Tuta nimeliona. Lakini siku ile nani alikupa hii kitu? Taja mtu mmoja tu, nimuulize."

Navalayo aliinama, akaanza kupangusa udongo kwenye meno mapya.

"Hata hukuiomba," Sylvanus akasema, sasa kwa upole, na upole ule ulimuuma zaidi. "Ulikuwa unatuficha, Navalayo. Sisi ni wezi?"

"Ulikuwa umeipiga teke."

"Hata ng'ombe wangu nampiganga teke. Anakuwa wako?"

Navalayo akaokota spana. "Haya. Mashine ni ya boma, ichukue. Meno haya Erastus hakuyaacha. Nimeyaleta mimi."

"Sasa nikalime na nini?"

"Na ulichokikuta siku ile."

Hakuna aliyepaza sauti. Bolti moja ilipokataa, Sylvanus mwenyewe alishika gurudumu lisizunguke ili mwenzake afungue. Walifanya kazi vizuri pamoja, na lilikuwa jambo la kusikitisha kuliona. Kisha Sylvanus akaisukuma mashine tupu hadi kwake kupitia pengo la ua.

Masika yakakolea. Navalayo alilima kwa jembe. Gunia la meno lilikaa chini ya kitanda. Upande wa pili, Sylvanus naye alilima kwa jembe, mashine imefunikwa kwa majani ya mgomba. Watu wa Shieywe walingoja kidogo, wakachukua vijana wa kuwalimia. Mara kadhaa wawili hao walinyoosha migongo kwa wakati mmoja, wakatazamana juu ya ua, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze kusema. Mahindi ya majirani yalikuwa yamefika magotini.