Nje ya Mlango wa Mama Mkwe

Mama mkwe alikuja kwetu Kitale kutoka Naitiri msimu wa mavuno, kwa sababu vumbi la mahindi lilikuwa limemwamshia pumu. Kwao, mwanamume hamgusi mama wa mke wake. Hata mkono hampi. Wazazi wangu mimi walihamia huku kutoka upande wa Mlima Kenya, lakini miaka sita ya ndoa ilikuwa imenifunza kuketi mbali.

Asubuhi hiyo mke wangu alikuwa shuleni akifundisha. Jirani akawasha mashine ya kupukuchua mahindi, vumbi likavuka ua. Punde nikasikia mama mkwe akivuta dawa ya inhela chumbani kwake: mara mbili, kisha mara mbili tena.

"Mama, twende hospitali?" niliuliza nikiwa nje ya mlango.

"Bado, mwanangu. Ngoja mama watoto arudi. Hii huwa inashika halafu inaachilia, nimeizoea."

Simu ya mke wangu ilikuwa imezimwa. Nilienda hadi langoni, nikarudi. Nikachemsha maji bila sababu. Nikaenda tena langoni. Muuguzi wa kliniki alikuwa ametuonya: dawa ikikataa kusaidia, na mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, msingoje. Basi nikaanza kumuuliza maswali, nimsikie tu.

"Mama, mvua ya Naitiri ilikuwaje?"

"Ilinyesha... vizuri."

"Na ng'ombe?"

"Wa... zima."

Swali la tatu halikujibiwa.

Niliingia. Alikuwa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, midomo imekuwa ya kijivu. Aliinua kiganja kunizuia.

"Nisamehe, mama," nikasema, nikambeba hadi kwenye pikapu ya jirani. Alifumba macho, sijui kwa aibu au kwa uchovu.

Hospitalini walimwekea oksijeni na mvuke wa dawa. "Mlikuwa mnangoja nini?" daktari akaniuliza.

Mama mkwe aliruhusiwa kutoka siku ya tatu. Kaka zake wakaja kutoka Kamukuywa, wakitaka nieleze kwa nini nimevunja mwiko. Hata sijafungua mdomo, yeye akaita kutoka jikoni:

"Mwacheni, bana! Kosa lake ni kunisikiza sana. Angeendelea kunisikiza kidogo tu, si mngekuwa mnanizika?"

Chai ikaletwa. Mimi maneno yale hayakunipa amani. Alikuwa amesema kweli.