Programu Iliyozimika Kimyakimya

Pale hospitalini walimwita Mtaalamu, jina lililoanza kwa mzaha likamganda. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyetunza kompyuta zote, ikiwemo ile ya benki ya damu, iliyotumia mfumo wa Linux. Ndani yake mlikuwa na programu iliyosoma joto la friji kila dakika na kupiga kengele joto likipanda.

Ijumaa moja programu hiyo ilizimika. Skrini ikabaki na namba ya mwisho, nyuzi nne, kana kwamba mambo ni shwari. Kesho yake friji ikaharibika, na hakuna aliyejua. Jumatatu asubuhi mama mmoja aliyetoka kujifungua alianza kuvuja damu. Friji ikafunguliwa, mifuko yote ya damu ilikuwa vuguvugu. Akakimbizwa hospitali nyingine. Hakufika.

Kwenye kikao, mkuu wa maabara, mwanamke asiyemung'unya maneno, aliuliza, "Nani alikuwa anaiangalia hiyo programu?"

"Hakuna, dada," Mtaalamu akajibu. "Ilikuwa kazi yangu. Mimi niliiamini namba."

Hawakumfukuza. Afadhali wangemfukuza, maana sasa ilibidi arudi kukaa kwenye kiti kilekile.

Akaandika skripti, yaani maagizo mafupi kwa kompyuta, ya mistari sita: kila dakika, orodhesha michakato yote inayoendelea kwenye kompyuta, tafuta jina la programu, lisipoonekana, piga kengele. Akaizima programu makusudi ili aijaribu. Skripti ikajibu: ipo. Akahakikisha imezimika kweli, akajaribu tena. Ipo. Akaifungua orodha yenyewe, akaisoma. Kumbe ile amri ya kutafuta nayo ni mchakato, tena imebeba jina lilelile linalotafutwa. Skripti ilikuwa inajiona yenyewe.

"Ningeiacha hivi bila kuijaribu," alimwambia mkuu wa maabara, "tungezika mwingine."

Akairekebisha isijihesabu. Kisha akawaza: je, programu ikiwa hai lakini imeganda? Akaongeza sharti kwamba faili ambamo programu huandika joto likipitisha dakika tatu bila kuandikwa kitu, kengele ilie.

Wiki ya tano, saa nane mchana, ililia. Mkuu wa maabara alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Programu ilikuwa imeganda, skrini ikionyesha nne, huku kipimajoto cha mkononi kikisoma sita na kupanda. Mifuko ikahamishiwa friji ya pili, wote wakitweta.

"Umeiokoa damu," mkuu akasema.

"Hii, ndiyo," alijibu, akainama kuandika saa ya tukio.

Jumamosi yake alikwenda kwa mume wa yule marehemu. Akasimama mlangoni, akaeleza yote bila kujitetea: Ijumaa, namba, ukimya. Mwanamume yule alimsikiliza akiwa amempakata mtoto mchanga.

"Na sasa hivi inaangaliwa?"

"Inaangaliwa, kaka."

Macho ya yule bwana yalijaa machozi, ila hakuyafuta. Mikono yake ilikuwa na mtoto.

"Ningekuwa na nguvu ningekufukuza," alisema mwishowe. "Ingia ukae. Nishikie huyu, nikamchemshie maziwa."

Mtaalamu akaingia, akavua saa yake ya mkononi isimkwaruze mtoto, akampokea.