Sisi ni Genge

Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa genge, na nyumbani jambo hilo lilisemwa kwa fahari. Alitoka Ukambani akiwa kijana, akaandikwa kazi kwenye reli ya Magadi, na kikosi chao cha kutengeneza reli pale Kajiado kiliitwa genge. Neno lenyewe walilitoa kwenye Kiingereza cha msimamizi wao, wakalilainisha hadi likakaa vizuri mdomoni. Mimi nilipoanza shule Kitengela, mwalimu akatuambia genge ni mteremko mkali wa mlima. Redioni nako polisi walikuwa na genge lao, la majambazi. Halafu vijana wa Nairobi wakaubatiza muziki wao genge, waliofuata wakaliunganisha na kipande kingine cha Kiingereza likawa gengetone, na siku hizi linatamkwa na watu wasiojua hata Kiswahili cha kuombea maji.

Mimi nililipenda hilo la muziki hadi nikasahau hayo mengine yote. Ndivyo nilivyo, nikipenda kitu nadhani dunia nzima imekipenda pamoja nami.

Mwaka juzi tuliitwa kupiga muziki kwenye harusi ya Wamaasai, mbele kidogo ya Bisil. Tulikuwa wawili: rafiki yangu niliyelelewa naye ploti moja ya nyumba za kupanga, ambaye ndiye mwimbaji, na mimi dijei. Spika tulizipakia kwenye pikapu tukazifunika turubai kwa sababu ya vumbi. Mjomba wa bibi harusi alikuwa ameahidi kutupokea sokoni Bisil atuonyeshe njia. Tulifika, hatukumwona. Tukampigia, hakushika.

Ilikuwa siku ya soko la mifugo. Kitu ambacho hatukujua ni kwamba wiki hiyo mbuzi wa watu walikuwa wameibwa na kubebwa kwa pikapu, chini ya turubai. Mwanamume mmoja wa makamo mwenye shuka nyekundu na rungu mkononi akaja upande wangu wa dirisha.

"Sopa," akanisalimu.

Nimezaliwa Kitengela. Salamu hiyo nimeijibu tangu nikiwa na meno ya utoto. Siku hiyo nilimjibu kwa kuinua kidole gumba.

"Nyinyi ni watu gani?" akauliza. "Munatafuta nini hapa?"

Rafiki yangu akainama kutoka kiti cha dereva, meno yote nje. "Sisi ni genge, mzae! Genge ya Kitengela!"

Yule mwanamume hakucheka. Aligeuka akasema kitu kwa Kimaasai, na katikati ya maneno yale nikasikia wazi: genge. Likapokewa na mwingine, na mwingine tena, likazunguka soko zima. Watu wakaacha mbuzi wao wakaja. Mtu akachomoa funguo za gari. Mtu mwingine akasema kwa Kiswahili, makusudi nielewe, "Wamejisema wenyewe."

Niliogopa. Sitapamba hapa. Nimewahi kuona kilichobaki cha mtu aliyeitwa mwizi sokoni, na nilijua hakuna anayengoja maelezo. Nikajaribu hata hivyo. "Ni muziki, mzee. Genge ni aina ya muziki. Babu yangu alikuwa genge ya reli hapa Kajiado..." Nikasikia nilivyoongeza genge la pili juu ya la kwanza. Rafiki yangu alikuwa akilia bila sauti.

Hapo mama mmoja muuza mboga, Mtanzania wa upande wa pili wa Namanga, akajipenyeza na beseni lake hadi kwenye pikapu. Akafunua turubai, akachungulia, akakunja uso.

"Genge gani hili? Mbona halina hata nyanya moja?"

Watu wakamtazama.

"Kwetu genge ni pa kununulia nyanya na vitunguu," akasema, kama aliyeudhika. "Hawa wameleta maspika matupu."

Mtu akaanza kutafsiri, na kabla hajamaliza kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele. Mwenye shuka nyekundu naye akacheka, shingo upande. Mjomba wa bibi harusi alipotokea akihema, tayari tulikuwa tumerudishiwa funguo.

Tulipiga muziki harusini, kwa kuwa ndiyo kazi tuliyoitiwa. Mchana ulipokolea uwanja ukajaa, na mwenye shuka nyekundu alikuwepo, anaruka juu mbele ya spika, rungu hewani. Wimbo ukaisha. Akatunyooshea rungu, akapaza sauti, na wenzake wakamwitikia kwa furaha, "Genge! Genge! Genge!"

Rafiki yangu aliwapungia mkono. Mimi nilikuwa tayari ndani ya pikapu, nimefunga milango.